Zamu ya Magharibi ya Ami Wadie

Mtaani kwetu Attarin kulikuwa na watoto wa dereva wa tramu, wa fundi umeme na wa askari wa zimamoto, na Ramadhani ikiingia wote walifuturu na mama zao tu, kwa kuwa baba yuko zamu. Mimi baba yangu alikuwa fundi wa simu, na kila magharibi alikuwa nyumbani, kaketi mbele ya supu ya dengu, anatazama dirisha na kungoja adhana. Nilijigamba nalo hilo mpaka wenzangu wakanichoka. Nilidhani baba ndiye mkubwa wa simu zote za Iskandaria. Siku moja nikamuuliza, akacheka hadi akakohoa.

"Mkubwa? Mimi? Mwanangu, mimi niko hapa kwa sababu Wadie yuko kule."

Ndivyo nilivyolijua jina la Ami Wadie kabla sijamjua mwenyewe.

Wadie Bishay na baba yangu, Mahrous, waliajiriwa pamoja katika jengo la simu la Manshiyya, enzi za yale makabati ya chuma yaliyokuwa yakipiga kelele kutwa. Ramadhani yao ya kwanza kazini, mkubwa wao akauliza nani atabaki zamu ya magharibi, na kila mtu akatazama viatu vyake. Wadie akasema, "Niwekeni mimi. Mimi Mkristo, adhana hainikuti na njaa." Ilikuwa iwe ya siku moja. Kesho yake akasema tena vilevile. Ikawa mwezi, ikawa miaka, makabati yakaondolewa zikaja kompyuta, simu za mezani zikawa intaneti, na Ami Wadie yuko palepale. Kwetu si ajabu Mkristo kumshikia Mwislamu zamu Ramadhani, na sisi tukawashikia wao Krismasi na Pasaka. Lakini watu hupokezana. Yeye ukimwambia leo nenda, nitakaa mimi, anakuona kama unataka kumwibia.

Asiyewahi kukaa katika chumba kile hajui magharibi ya Ramadhani ni nini. Kabla ya adhana mji mzima unapiga simu: umefika wapi, umenunua mkate, mwambie mjomba asichelewe, na mama mwenye mwana Kuwait anataka kumwona usoni kabla ya kutia tonge mdomoni. Mistari kwenye kioo cha kompyuta inapanda hadi unaogopa. Halafu adhana, na yote yanashuka kwa mkupuo mmoja. Mji unakula. Hapo ndipo Ami Wadie alipofanya zile kazi zisizofanyika saa nyingine: kubadilisha njia za mtandao, kuzima mtambo huu na kuwasha ule, kujaribu, kurekebisha. Muda wenyewe mfupi, maana watu wakishiba wanarudi kwa fujo kubwa zaidi, tamthilia zimeanza. Aliandika amri moja moja kwa vidole viwili, kila ruta, kile kisanduku kinachogawa njia za mtandao, akaipa maneno yake, na mdomoni anazisemesha kama kuku wake. "Wewe nyamaza kidogo. Wewe mpe mwenzio nafasi. Taratibu, taratibu, nani anakufukuza?"

Mama alimpelekea sahani kwa mkono wa baba. Na mama yangu huyu, ambaye hakukumbuka hata siku moja shule yangu inafungwa lini, mifungo yote ya Wakristo aliijua kwa kichwa. "Leo Wadie hali nyama wala siagi," anasema, "mtilieni mahshi ya mafuta." Anayaviringa majani ya mzabibu na wali ndani yake, membamba, sawasawa, ya kwetu sisi wala hayakuwa mazuri hivyo. Baba naye kila mwaka alimwalika. "Mwaka huu njoo nyumbani, Wadie, ukae mezani kama mtu."

"Na huku akae nani? Shangazi yako?"

Wanacheka, na mwaliko unaishia hapo.

Baba alifariki. Nasema kwa ufupi kwa sababu kwa urefu bado siwezi. Wakati huo nami nilikuwa nimeshasomea uhandisi na kuajiriwa chumba kilekile, basi sahani ikawa inapita mkononi mwangu. Ami Wadie aliipokea, anaifunua, anainusa, anasema, "Mama Nashwa hajambo?" Kisha ananiambia ondoka, utachelewa adhana. Nashwa ni mimi, lakini yeye mara nyingi aliniita binti Mahrous, na nilipenda hivyo.

Watu wa Kairo wakija Iskandaria huleta vitu viwili, haraka na ushauri. Mwaka wa mwisho wa Ami Wadie kazini, mhandisi Yusra alituletea na cha tatu: mtambo wa kuendesha mtandao bila sisi. Sitamsema vibaya. Alikuwa msichana mwerevu, mcheshi, na alimwita kila mtu mpenzi wangu, hata bawabu. Tena kazi yenyewe niliipenda, nisiwe mnafiki. Mimi ndiye niliyepewa kuufunga mtambo ule pamoja naye.

"Huuambii ufanyeje," Yusra alitueleza siku ya kwanza. "Unauambia unataka nini, basi. Namna utaitafuta wenyewe. Na usipofikia ulichotaka, utajua kabla yako na utajirudi."

"Kama mke mzuri," akasema mmoja wetu.

"Kama mke wa ndotoni mwako," Yusra akamjibu, na chumba kikacheka. "Haya, Ami Wadie. Wewe ndiye bingwa wa magharibi. Nipe kusudi. Unataka nini?"

Ami Wadie akakaa sawa kitini. "Kwanza naifunga njia ya mtaa wa Smuha, mzigo wake nauhamishia..."

"Hiyo ni namna, mpenzi wangu. Mimi nataka kusudi."

"Kusudi langu ni kuifunga njia ya Smuha."

Watu wakaangua kicheko. Yusra hakucheka, nampa haki yake. Alivuta kiti akakaa mbele yake.

"Unaifunga kwa nini?"

"Niifanyie kazi."

"Kwa nini magharibi?"

"Kwa sababu watu wanakula, binti yangu. Kwani ninyi Kairo hamli?"

"Tunakula mpaka tunajuta. Kwa hiyo, Ami, ukiacha njia ya Smuha na njia zote, wewe mwenyewe unataka nini?"

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. Akairudisha puani. Mwishowe akasema, "Nataka yule mama mwenye mwana Kuwait asikatiwe mwanawe. Halafu kazi zifanyike watu wakiwa mezani."

"Hayo!" Yusra akapiga makofi. "Hayo hayo!" Akayaingiza kwenye mtambo: kwanza, simu za watu zisikatike; pili, matengenezo ya Ramadhani yafanyike magharibi ikiingia. Kalenda ya nyakati za adhana akaitia mwenyewe kutoka ofisini kwao. Kazi ya maisha ya mtu ikaenea katika sentensi mbili. Nilimwona Ami Wadie akizisoma kwenye kioo, midomo ikicheza.

"Ndiyo hayo tu?" aliuliza.

Tukacheka. Tulidhani anatania.

Ramadhani ilipokaribia, mkuu wetu Rifaat alitangaza kwamba mwaka huu hakuna zamu ya magharibi. Chumba kitafungwa, mtambo utafanya, kila mtu akafuturu kwake. Watu wakashangilia. Ami Wadie alikuwa anastaafu baada ya Idi, na hakuwahi kumwomba Rifaat kitu, lakini siku hiyo alimfuata hadi mlangoni nami nikiwa papo hapo.

"Bwana Rifaat, nimebakiza Ramadhani hii moja na ninyi. Niachie magharibi zangu."

"Ami Wadie, umetutumikia vya kutosha! Nenda nyumbani, nyoosha miguu, tazama tamthilia. Mtambo hauhitaji mlinzi."

"Si kwa ajili ya mtambo."

"Kwa ajili ya nini basi?"

Ami Wadie akageuka akakitazama kiti chake. "Basi," akasema, "yaishe."

Nilipandwa na hasira. Nilimkasirikia Rifaat na ulaini wake, nikamkasirikia na Ami Wadie zaidi. Nilijua anarudi wapi. Mkewe Irini alikwishakufa, mwanawe yuko Kanada, anapiga simu Jumapili akiwa na haraka. Nyumba yake ya Ibrahimiyya dirisha la jikoni linatazama uwazi wa kuingizia hewa katikati ya jengo, na magharibi ya Ramadhani unasikia humo vijiko vya jengo zima. Mtu huyu alikuwa amejipatia mahali pa kuwa saa ile mji mzima unapokaa na watu wake, na sasa anaambiwa pumzika.

"Kwa nini hukumwambia?" nilimsuta.

"Nimwambie nini?"

"Kwamba unataka! Kwamba unapataka hapa!"

"Ah, binti Mahrous. Mtu mzima analilia zamu? Watanicheka." Akaniuliza habari za mama, na mazungumzo yakaishia hapo.

Nyumbani sikusema. Mwaka ule mifungo miwili iliangukiana, yetu na Kwaresima yao, na mama tangu asubuhi ya siku ya kwanza alikuwa anaviringa mahshi ya mafuta. "Sahani ya Wadie njoo uichukue mapema," aliniambia nikitoka. Nikaitikia ndiyo. Ningemwambia nini? Mwanamke yuko katika mahshi hadi viwikoni.

Siku hiyo tulifunga chumba jua likiwa bado juu ya bahari, nami nikatumwa jengo la pili kwa kazi ndogo iliyonichelewesha. Nilikuwa natoka hapo, natembea kuelekea Attarin, namsikiliza mama kwenye simu.

"Mkate, Nashwa, usisahau mkate. Na sahani hujaichukua, Wadie atakula ni..."

Simu ikakatika. Nikapiga tena, kimya. Nikatazama huku na huku, na kila mtu barabarani anaitazama simu yake kama imemtukana. Muuza vitamutamu vya kunafa anaitikisa ya kwake. Msichana mmoja anapiga kelele, "Mama! Mama, unanisikia?" Na hapo, kutoka kwenye televisheni ya mkahawa, ikatoka adhana ya magharibi, ya Kairo.

Barabara nzima hakuna aliyegusa tende. Kwetu hata mtoto wa chekechea anajua adhana ya televisheni si yake. Jua la Kairo linatangulia kuzama, sisi tunangoja dakika chache zaidi, na mtangazaji mwenyewe kila siku anawakumbusha wa nje ya Kairo wazingatie tofauti ya saa. Tunawatania watoto wetu kwa hilo: fulani kala kwa jua la Kairo. Lakini Yusra alizaliwa Kairo. Kwake magharibi ni magharibi, ataikumbuka tofauti ya nani? Aliutilia mtambo kalenda ya kwao, na mtambo umetii: umeanza kuzifunga njia za mtandao saa ileile Iskandaria yote iko kwenye simu.

Loo! Nilikimbia. Nilipanda ngazi za Manshiyya na kinywa kimekauka, nikakuta mlango uko wazi na Ami Wadie kaketi mahali pake, koti mwilini.

"Ami! Unafanya nini hapa?"

"Napita tu."

"Unapita ghorofa ya tatu?"

"Mtambo umeanza mapema," akasema, na sauti yake haikuwa na mzaha. "Angalia. Wanakatika. Smuha wanakatika, Ramli wanakatika."

"Rudisha kwa mkono! Rudisha!"

Akavuta kibodi, akanyoosha vile vidole vyake viwili. Kabla havijagusa, mistari ikaanza kupanda. Ukaja ujumbe kwenye kioo: simu zinakatika, kusudi la kwanza limevunjwa, matengenezo yamesitishwa, njia zote zimerudishwa. Kisha kazi ikatulia. Mama mwenye mwana Kuwait, popote alipokuwa, alimpata mwanawe, na Ami Wadie alikuwa bado ameshikilia vidole hewani.

Ikatoka adhana yetu, kwanza msikiti wa jirani, halafu yote. Mistari ikashuka. Mtambo ukangoja kidogo, ukaona mji umetulia kweli, ukaanza upya, njia moja, kisha nyingine, bila pupa na bila kuitazama tena ile kalenda ya Kairo.

"Mtambo nao umesikia adhana," alisema Ami Wadie, akatabasamu. Mkono akautia mfukoni, akauacha humo. Kwa ule wa pili akanipa tende na chupa ya maji. "Futuru, binti Mahrous."

Nilifuturu kwa kusimama. Nilitaka kumfariji, na mimi kufariji sijui, najua kugomba tu. "Lakini mtambo umekosea, Ami. Siku ya kwanza tu umeshakosea."

"Umekosea na umejirudi. Mimi nilipokuwa nikikosea nilisubiri baba yako arudi anitoe." Alisema bila uchungu, na hiyo ndiyo iliyonikata maini. "Ni mzuri, Nashwa. Ni mzuri kuliko mimi. Sina kazi hapa." Akaanza kufunga vifungo vya koti.

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani."

"Kula nini?"

"Kuna maharage, fuli."

"Ya kopo?"

"Fuli ni fuli."

Uvumilivu ukanitoka. "Wewe mwanamume! Baba alikualika mpaka ulimi ukamwota sugu. Kila mwaka, akae nani, akae nani! Haya, mwenye kukaa huyu hapa kwenye kioo! Amekaa! Mtazame! Leo una kisingizio gani?"

"Mahrous hayupo."

"Hayupo, lakini meza yake ipo. Na mama yangu amekupikia tangu asubuhi, kwa sababu mimi mwoga sikumwambia kwamba wamekufukuza."

Akageuka kukitazama kioo. Sijapata kuona mtu akiitafuta kasoro kwa bidii kama ile. Alipitia njia moja baada ya nyingine, Smuha, Ramli, Karmuz, na kila moja ilikuwa sawa.

"Mtambo wenu umechelewa kuja," akasema. Kisha akanifuata.

Mama alifungua mlango kabla sijagonga, sahani iliyofunikwa iko mkononi na hasira iko usoni. "Adhana imepita, simu hushiki, mkate uko wapi, na hii ya Wadie ataipeleka na..." Akamwona.

"Ramadhani karimu, Mama Nashwa," akasema Ami Wadie, kasimama nyuma yangu kama aliyekuja kuomba uchumba.

"Wadie? Kumeungua kule?"

"Hakujaungua. Kuko salama."

"Sasa amekaa nani?"

"Hakuna mtu."

Mama alimtazama, akanitazama mimi, akaelewa yote niliyomficha. Ningojee kipigo changu baadaye. Akairudisha sahani mezani, akaifunua. "Ingia basi, unaniingizia baridi. Kula mahshi yako yakiwa ya moto angalau mara moja katika maisha."

Aliketi alipoonyeshwa, mikono hajui aiweke wapi. Akatazama mitungi ya ukwaju, vijiko, kitambaa cha meza. Miaka yote alikuwa akiilinda saa hii na hakupata kuiona ndani yake.

"Mahrous alikuwa akikaa wapi?" aliuliza.

"Hapohapo."

Akataka kuinuka. "Kaa," mama akamwambia, naye akakaa.

"Alikuwa akianza na nini?"

"Supu. Anaimeza ikichemka, inamwunguza, analalamika. Kila siku. Alikuwa hatafuni mtu yule, Wadie. Mimi sijaketi, yeye keshavaa viatu, sahani yako kwapani. Namwambia kaa, kula na mwanao. Ananiambia, Wadie yuko peke yake kule."

Mimi siku zote nilidhani wanaume wote hufuturu hivyo.

Ami Wadie akaweka kijiko chini. "Nilikuwa nakaa mimi ili yeye ale kwa nafasi," alisema. "Miaka yote ile, Mama Nashwa. Kumbe hakuna aliyekaa mezani."

Mama akainuka. Akamjazia bakuli, akalisogeza mbele yake, akafuta meza pasipokuwa na uchafu. "Basi kula wewe," akasema. "Pole pole. Kula na yake."

Akashika kijiko. Alikula taratibu mno, machozi yanamchuruzika naye hayafuti, na mimi na mama tulikwishamaliza zamani, tukakaa tukimngoja.